Kuishi kwa Sataranji Ukiwa Mombasa: Mwongozo wa Mchezaji Anayeandika

Maswali ni yale yale kila mwezi. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye barazani kwao Majengo hakuna anayemweza, anauliza kama sataranji inaweza kumlisha. Mama wa Tudor anauliza kama mwanawe anapoteza muda. Mwingine keshasikia habari za reitingi, yaani namba inayopima nguvu ya mchezaji, lakini hajui pa kuanzia. Na wapo wanaopenda kuandika, wanaouliza nani atasoma habari za sataranji kwa Kiswahili, na nani atazilipia. Nawajibu nyote hapa.

Jibu la swali kubwa ni ndiyo, inawezekana, ila si kwa zawadi za mashindano. Zawadi zetu haziendeshi nyumba, na hata Ulaya wachezaji wengi wa kulipwa hujazia mfuko kwa kufundisha na kuandika. Mtazame Mark Dvoretsky wa Moscow, aliyefariki mwaka 2016. Cheo chake kilikuwa masta wa kimataifa, hakuwahi kuwa grandimasta, cheo cha juu kabisa, lakini magrandimasta walikwenda kufundishwa naye na vitabu vyake wanavisoma hadi leo. Mpango unaofanya kazi ni kucheza hadi uheshimiwe, kisha kuueleza mchezo kwa watu. Na kuueleza kwa Kiswahili ni shamba ambalo karibu lote bado halijalimwa. Kwa hiyo nakutaka uanze kuandika wiki ile ile unayoanza kucheza kwa dhati. Usingoje kwanza uwe bingwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kete za plastiki za ukubwa wa mashindano, mfalme wa kimo cha kama sentimita 9.5, na ubao wa kukunja usioingia maji. Ubao wa mbao ni mzuri kwa macho, lakini unyevu wa pwani huupinda.
- Saa ya kidijitali inayoweza kuongeza sekunde kwa kila mwendo. Ikiwa ghali, nunueni watu watatu kwa pamoja.
- Madaftari mawili magumu: moja la miendo, jingine la maelezo.
- Simu yenye Lichess, programu ya kuchezea sataranji mtandaoni, ambayo ni ya bure na haina matangazo. Ndani yake mna injini ya Stockfish, yaani kompyuta inayokuonyesha miendo bora, na sehemu ya kuhifadhi michezo yako pamoja na maelezo.
- Kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, barua pepe unayoifungua kweli, namba ya PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), na laini ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina lako.
- Kazi nyingine, au mtu wa kukusaidia, kwa mwaka mmoja au miwili ya mwanzo. Hili nalisisitiza. Ukiacha kibarua chako cha Kongowea leo kwa sababu ya sataranji, kufikia mwezi wa tatu utakuwa unacheza kwa hofu ya kodi ya nyumba, na mwenye hofu hahesabu vizuri.

Hatua ya 1: Jifunze kucheza polepole

Vijana wengi wanaokuja kuuliza wamezoea michezo ya dakika tatu kwenye simu, usiku kucha. Mikono yao ni myepesi na macho yao makali, lakini ukiwawekea saa ya dakika 90 wanamaliza kwa dakika 15 na kushindwa. Tafuta wenzako wawili au watatu, mkutane angalau mara moja kwa wiki, na kila mchezaji awe na dakika 60 au zaidi. Mchezo mmoja tu kwa siku hiyo. Andikeni kila mwendo. Mkimaliza, kaeni nusu saa mkiupitia bila simu.

Hodari wa drafti atakuwa mpinzani mzuri baada ya miezi michache, maana ameshazoea kuhesabu mbele. Mfundishe. Utajifunza kueleza, na utapata mtu wa kucheza naye jirani.

Hatua ya 2: Pata namba ya FIDE na reitingi ya kwanza

FIDE ndilo shirikisho la dunia, lililoundwa Paris mwaka 1924. Hujiandikishi huko moja kwa moja. Unapitia shirikisho la nchi, na kwetu ni Chess Kenya. Ukishapata namba yako, iandike mahali usipopoteza. Itakuwa yako maisha yote.

Ili upate reitingi ya kwanza unahitaji michezo 5 dhidi ya watu ambao tayari wana reitingi. Si lazima yote iwe katika shindano moja, kwani matokeo hujumlishwa ndani ya miezi 26. Ila shindano lako la kwanza ukitoka bila hata nusu pointi, halihesabiwi. Tangu Machi 2024 kiwango cha chini ni 1400. Ukikokotolewa chini ya hapo hutokei kwenye orodha, unaendelea kucheza.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tofauti kati ya pointi ulizopata na ulizotarajiwa huzidishwa kwa 40 hadi mchezaji mpya atimize michezo 30, kisha kwa kawaida kwa 20. Tuseme una 1500 na unacheza na mwenye 1600. Jedwali linakutarajia upate 0.36 ya pointi. Ukishinda unaongeza 0.64 mara 40, yaani 25.6. Ukitoka sare unaongeza 5.6. Ukishindwa unapoteza 14.4. Kwa maana hiyo, mwanzoni kutafuta wapinzani wenye nguvu kuliko wewe kuna faida kubwa na hasara ndogo.

*Tahadhari:* usijiandikishe mara mbili kwa sababu umesahau namba yako. Michezo yako itagawanyika kwa watu wawili, na kuiunganisha ni kazi ya barua nyingi.

Hatua ya 3: Panga safari na siku ya shindano

Mashindano mengi yenye reitingi hufanyika Nairobi, mwisho wa wiki. Mtu wa Mombasa ana gharama ambazo mwenzake wa Nairobi hazijui: treni kutoka Miritini au basi la usiku, malazi, chakula. Chagua mashindano machache kwa mwaka yenye raundi nyingi za muda mrefu, badala ya kukimbilia kila tangazo. Fika siku moja kabla. Anayeshuka kwenye basi alfajiri na kuketi mezani saa tatu asubuhi amelipa kiingilio ili apoteze raundi ya kwanza.

Sheria tatu huwaumiza wageni kuliko zote:

Ya kwanza ni simu. Ikikutwa mwilini mwako ndani ya eneo la mchezo bila ruhusa ya mwamuzi, kwa kawaida umeshindwa, hata kama umeizima. Mpe mtu wa nje akushikie, au uliza mapema utaratibu wa kuzihifadhi.

Ya pili ni kugusa. Ukiigusa kete yako kwa kusudi, utaisogeza hiyo. Ukiigusa ya mwenzako, utaila kama inalika. Kama unataka tu kuiweka sawa, sema kwanza, na iwe ni zamu yako.

Ya tatu ni muda wa kuchelewa. Kanuni za shindano zisiposema vingine, muda huo ni sifuri: raundi ikianza nawe haupo, umeshindwa. Ikiwa shindano ni la hapa kisiwani nawe unakaa Likoni, foleni ya feri haimhusu mwamuzi. Vuka mapema ukangoje Mama Ngina.

Mchezo wa nyongeza ya sekunde 30 unakutaka uandike kila mwendo hadi mwisho, hata ukiwa umebanwa na saa. Lizoee hilo nyumbani. Tena chukua kitambaa cha jasho: karatasi iliyolowa haisomeki, na karatasi hiyo ndiyo malighafi yako ya kuandikia.

Hatua ya 4: Mafunzo ya kila siku

Saa mbili zinatosha kwa mwenye kazi. Nusu saa ya mafumbo, bila kusogeza kete, kwa kichwa tu. Nusu saa ya miisho, yaani sehemu ya mwisho ya mchezo kete zikiwa chache, hasa ya vitunda na ya ngome, kwa sababu ndiko pointi za bure zinakopotelea. Saa nzima iliyobaki ni ya kupitia mchezo wako mwenyewe. Ufunguzi uwe mmoja kwa Nyeupe na miwili kwa Nyeusi, na uvumilie mwaka mzima kabla ya kubadili.

Hatua ya 5: Andika maelezo ya kila mchezo wa polepole

Hapa ndipo kazi yako inapoanzia, na hapa ndipo wengi wanaporuka. Fuata mpangilio huu:

1. Siku ile ile, andika kwa mkono ulichokuwa ukifikiri katika miendo mitano iliyokutatiza. Usiguse injini.
2. Kesho yake, tandaza ubao na ujaribu njia ulizoziogopa. Andika unachokiona.
3. Siku ya tatu ndipo ufungue injini. Pale inapokupinga, usinakili tarakimu yake. Uliza kwa nini, mpaka uweze kumweleza mtoto wa darasa la sita.
4. Chapa mchezo kwenye simu pamoja na maelezo, uuhifadhi kwa muundo wa PGN, ambao husomwa na karibu programu zote.

Katika maandishi yako tumia herufi za kimataifa: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi, na kitunda hakina herufi. Alama x ni kula, + ni kumtishia mfalme, na e4, f3 na mfano wake ni majina ya miraba ya ubao. Msomaji wako atazikuta hizo hizo kwenye simu, na si vyema umfundishe namna mbili. Ila katika sentensi, andika farasi, andika ngome.

Chukua mtego wa kale unaobeba jina la Légal, Mfaransa wa karne ya 18 aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa zama zile:

1.e4 e5 2.Nf3 d6 3.Bc4 Bg4 4.Nc3 g6 5.Nxe5 Bxd1 6.Bxf7+ Ke7 7.Nd5, na mfalme hana pa kwenda.

Maelezo dhaifu ya mwendo wa nne wa Nyeusi yako hivi: "4...g6 ni kosa. Injini inaipa Nyeupe nafasi bora." Msomaji hajapata kitu.

Maelezo yanayofaa: "Nyeusi anaamini farasi wa f3 amefungwa: akitoka tu, malkia wa d1 analiwa. Kwa hiyo ametulia, akasogeza kitunda cha pembeni mwa mfalme. Lakini farasi huyu amefungwa kwa malkia, si kwa mfalme, kwa hiyo sheria haimzuii kutoka. Anatoka kwa kula e5. Kama Nyeusi angejizuia na kumla farasi kwa 5...dxe5, Nyeupe angemla askofu kwa 6.Qxg4 na tofauti ingekuwa kitunda kimoja tu. Alipomwona malkia bure, hakuhesabu tena."

Maelezo ya pili yanajibu maswali matatu: huyu alitaka nini, mwenzake alitaka nini, nani aliacha kuhesabu na wapi. Kila unapoandika, hakikisha yote matatu yana majibu. Alama za mshangao hazijibu hata moja.

*Tahadhari:* usiandike michezo uliyoshinda peke yake. Wasomaji hujifunza zaidi pale mwandishi anapoonyesha waziwazi alivyozidiwa, na wewe utapanda kwa haraka kwa kuichambua michezo uliyoshindwa.

Hatua ya 6: Pata wasomaji kwa ripoti za mashindano

Usianze na kitabu. Anza na ripoti. Kila shindano dogo la Pwani lina mwandalizi aliyechoka, ambaye jioni ya Jumapili anahitaji maneno 300 na picha mbili za kuwapelekea wafadhili na wazazi. Jitolee mara ya kwanza na ya pili, kwa makubaliano kuwa jina lako litawekwa. Baada ya hapo taja bei.

Ripoti njema ina matokeo ya juu, mchezo mmoja tu uliochambuliwa kwa mchoro wa ubao, na mtu mmoja ambaye msomaji atamkumbuka. Itume usiku ule ule. Ya Jumatano haisomwi.

Ukishakuwa na ripoti za kuonyesha, ziambatanishe kwenye barua kwa mhariri wa michezo wa gazeti la Kiswahili, Taifa Leo kwa mfano, au kituo cha redio cha hapa Pwani. Pendekeza jambo moja linalorudi kila wiki: fumbo lenye jibu wiki inayofuata. Wahariri wanapenda kitu kinachojaza nafasi ile ile kwa urefu ule ule bila kuchelewa.

Majina na picha za watoto usizitoe kabla mzazi hajakubali kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, lakini uhifadhi.

Hatua ya 7: Fundisha, na ulipwe

Pesa ya kwanza ya maana itatoka huku. Shule za binafsi za Nyali na Bamburi, madarasa ya likizo, mzazi mmoja mmoja. Kabla ya kubisha hodi, tayarisha vitu vitatu: cheti cha tabia njema cha polisi, unachokiomba kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), mpango wa masomo wa muhula mmoja kwenye karatasi moja, na barua ya mtu aliyeona ukifundisha. FIDE ina ngazi za wakufunzi na za waamuzi, na kozi za ngazi za chini huwa wazi kwa watu wasio na reitingi kubwa. Jiandikishe mapema. Mwamuzi mwenye cheti huitwa kazini hata katika msimu ambao kucheza kwake hakuendi vizuri.

Bei iwe kwa muhula, ilipwe nusu mwanzoni, na nauli itajwe kando. Ukienda Mtwapa kwa matatu mbili kila Jumamosi, nauli isiyotajwa itakula malipo ya somo zima kila mwezi. Mpe mlipaji risiti, hata ya daftari. Mapato yote yaandike, maana KRA haitofautishi mwalimu wa sataranji na mwuza duka.

Kwa mzazi anayekuuliza faida, usimwahidi kuwa mwanawe atapata A ya hisabati. Mwambie ukweli: atajifunza kukaa na tatizo moja kwa saa nzima, na kushindwa bila kulia. Kwa wazazi wengi hiyo inatosha.

Hatua ya 8: Kitabu kidogo

Ukiwa na maelezo ya michezo 30 au 40 ambayo umeyafundishia darasani na kuona wapi wanafunzi wanakwama, una kitabu. Kurasa 60 hadi 80 ni nyingi kwa mwanzo. Namba ya ISBN hutolewa na huduma ya maktaba za taifa, KNLS. Chapisha nakala chache kwanza, uziuze kwenye mashindano na kwa wazazi wa wanafunzi wako, usahihishe makosa, ndipo uchapishe tena.

Jambo la hakimiliki huulizwa sana. Miendo ya mchezo uliochezwa hadharani ni habari, na waandishi wa sataranji duniani kote huichapisha bila kuomba. Maelezo aliyoyaandika mtu mwingine ni mali yake. Kuyatafsiri kwa Kiswahili na kuweka jina lako ni wizi, hata kama hakuna wa Mombasa atakayejua. Chukua miendo, funga kitabu chake, andika unachokiona wewe.

Mpe mtu asiyejua sataranji asome kurasa zako kwa sauti. Anapojikwaa, sentensi ina kasoro. Kisha mpe mchezaji acheze kila mwendo ubaoni. Mwendo mmoja ulioandikwa vibaya hufanya msomaji asiamini ukurasa mzima.

Vyeo

Kwa ufupi: masta mtarajiwa ni 2200, masta wa FIDE 2300, masta wa kimataifa 2400 pamoja na normu tatu, grandimasta 2500 pamoja na normu tatu. Normu ni matokeo ya kiwango cha juu katika shindano lililotimiza masharti, kwa kawaida la michezo isiyopungua 9. Wanawake wanaweza kushindania vyeo hivyo hivyo, na pia wana vyao vinavyoanzia 2000. Kenya bado haina grandimasta. Amon Simutowe wa Zambia alikuwa wa kwanza kusini mwa Sahara, mwaka 2009, kwa hiyo njia hiyo imeshapitiwa na Mwafrika. Baadhi ya vyeo hupatikana kwa matokeo ya mashindano ya kanda na ya bara, kwa hiyo kuingia timu ya taifa ni lengo lenye maana hata kwa mwenye 2000.

Yakikwama

*Nimecheza lakini sina reitingi.* Orodha hutoka tarehe mosi ya kila mwezi, ngoja ipite. Kama bado, hesabu wapinzani wako waliokuwa na reitingi, angalia kama namba yako iliandikwa sahihi, kisha muulize mwandalizi kama ripoti ilitumwa FIDE.

*Nimeganda mahali pamoja mwaka mzima.* Pitia daftari la maelezo, si la miendo. Hesabu michezo uliyopoteza kwa kuachia kete, kwa saa, na kwa miisho. Fanyia kazi kundi kubwa pekee kwa miezi mitatu.

*Natikiswa na michezo ya haraka ya simu, siwezi kuiacha.* Iruhusu siku moja ya wiki. Siku nyingine futa programu, usiitegemee nia.

*Sina wa kucheza naye polepole.* Tangaza mchezo wa polepole mtandaoni kwa siku na saa maalumu, na uuchezee ubaoni huku simu ikiwa pembeni ya kuonyeshea miendo tu.

*Shule haijanilipa.* Kama hukuchukua nusu mwanzoni, maliza mwezi, peleka barua yenye tarehe na idadi ya vipindi, usimamishe masomo kwa adabu. Usiwaambie watoto sababu.

*Hakuna anayesoma ninachoandika.* Angalia aya ya kwanza. Ikiwa inaanza na historia ya sataranji kutoka India, ikate. Anza na nafasi ubaoni, zamu ya Nyeupe, na swali.